Lodwar hadi Mandera kwa ndege ni kilomita ngapi, masaa mangapi? Piga hesabu hivi

Binamu yangu anafanya kazi Lodwar, juzi akanipigia simu ati kuna harusi Mandera Jumamosi saa nane mchana, je akitoka asubuhi atafika? Nikamwambia ngoja kwanza tupige hesabu, na ni hesabu rahisi, hata wewe utaiweza.

Fungua ramani kwenye simu, bonyeza uwanja wa ndege ushikilie mpaka namba zitokee. Lodwar utapata kama 3.12 kaskazini na 35.61 mashariki, Mandera ni 3.93 na 41.85. Toa moja kwa nyingine, unabaki na 0.81 na 6.24, halafu kila moja zidisha kwa 111 juu digrii moja huku kwetu ni karibu kilomita 111. Hiyo ni bahati ya kukaa karibu na ikweta, ukienda London digrii ya mashariki-magharibi inabaki kama kilomita 69 tu. Sasa una 90 na 693. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, bonyeza √ kwa kalkuleta: 699. Basi ni kama kilomita 700, na mstari wenyewe unapita karibu kabisa na Moyale, pale mpakani.

Kama hutaki hesabu tumia Great Circle Mapper, tovuti ya kupima umbali wa ndege, unaandika zile herufi tatu za kila uwanja wa ndege, LOK na NDE. Lakini chunga sana hapo!! LOK ni Lodwar, Loki yaani Lokichoggio ni LKG, na kati ya hizo mbili kuna zaidi ya kilomita 180, ukikosea herufi hesabu yote imeharibika.

Masaa sasa. Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, weka kilomita 300 kwa saa, Dash 8, ile kubwa ya injini mbili, weka 500. 700 gawanya kwa 300 ni masaa mawili na dakika 20, ongeza dakika 15 au 20 za kupaa, kushuka na kuzunguka kutafuta kiwanja. Upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa unakuongezea robo saa nyingine.

Lakini hiyo ni ya mtu aliyekodi ndege. Abiria wa tiketi anapitia Nairobi, kwa hivyo unapiga vipande viwili: Lodwar hadi Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, kama 510, Wilson hadi Mandera kama 810, jumla 1,320, karibu mara mbili. Kwa Dash 8 ni kama masaa matatu na robo hewani, na bado hujahesabu kungojea, na ukitua Wilson halafu ya Mandera iondokee JKIA, ule uwanja mkubwa wa Nairobi, ongeza jam ya Mombasa Road na kukaguliwa upya, mimi hapo siweki chini ya masaa matatu. Usitegemee kufika usiku pia, airstripu nyingi za kaskazini hazina taa.

Na saa ya tiketi isome vizuri, 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, mzee mmoja wa kwetu aliisoma saa saba akaachwa.

Binamu nimemwambia atoke Alhamisi, alale kwangu South C hapa Nairobi, Ijumaa apande ya Mandera.