Split, Kroatia: Anzia Chini, Ndipo Upande

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja. Lakini nilipofika Split mara ya kwanza niliingia kwa lango la kaskazini, nikazunguka vichochoro vya maduka na aiskrimu saa mbili nzima, kisha nikauliza kasri la Diocletian liko wapi. Kumbe nilikuwa ndani yake. Njia hii ni ya safari ya pili.

Hatua ya 1: Simama Riva, barabara ya matembezi ya ufukweni, bahari iwe mgongoni

Fika kabla ya saa mbili asubuhi, meli za watalii hazijashusha watu. Vaa viatu visivyoteleza, maana mawe ya njia zile yamesuguliwa na nyayo hadi yanang'aa.

Ukuta ulio mbele yako ni wa kasri la Diocletian, Kaizari wa Roma aliyejijengea nyumba ya kustaafia na kuachia madaraka kwa hiari mwaka 305. Enzi zake maji yaligusa ukuta huu; hapo uliposimama palikuwa bahari. Sasa inua macho: nguzo za Kirumi, na katikati yake madirisha ya nyumba za watu. Usiharakishe. Waliokimbia mji wa Salona karne ya 7 walihamia ndani ya kasri, na mpaka leo hakujawa mahame.

Hatua ya 2: Ingia Lango la Shaba, lililo kwenye ukuta huo

Ujia wa katikati, wenye wauza zawadi, ni bure. Kumbi za pembeni zina tiketi. Lipa. Vyumba vya Kaizari huko juu vingi vimetoweka, ila hivi vya chini vilijengwa kuvibeba, ukuta juu ya ukuta. Ukitembea humu unatembea juu ya ramani ya nyumba yake. Kwa karne nyingi wakazi wa juu walimwagia taka humu, zikavifukia, na karne ya 20 ndipo vikafukuliwa. Wageni wengi huviruka. Ndiyo maana nasema anzia hapa.

Hatua ya 3: Panda hadi Peristil

Keti kwenye ngazi za uwanja huu kama ukaavyo barazani. Kuna sanamu ya sfinksi, yaani kiumbe mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, ya matale meusi iliyoletwa kutoka Misri, ya kale hata kwa Diocletian mwenyewe. Nyuma yake ni kanisa kuu, pembe nane nje, duara ndani. Lilikuwa kaburi lake.

Huyu ndiye aliyewatesa Wakristo, na Domnius, askofu wa Salona, aliuawa mwaka 304. Leo jeneza la Kaizari halipo, na kanisa linaitwa kwa jina la askofu. Mnara wa kengele panda kama huna kizunguzungu.

Hatua ya 4: Hekalu la Jupita, mungu mkuu wa Warumi

Kichochoro cha mkabala, dakika kumi. Tazama dari la mawe ya kuchongwa. Sfinksi wa mlangoni hana kichwa.

Nje ya Lango la Dhahabu, lile la kaskazini, watu husugua kidole cha mguu cha sanamu ya Grgur Ninski, askofu wa kale wa Wakroatia, kutafuta bahati. Foleni ikiwa ndefu, pita.

Hatua ya 5: Salona, alasiri

Basi la mjini litakufikisha Solin, mji wa leo palipo magofu ya Salona. Kivuli ni haba, beba maji na kofia. Anzia makaburi ya Manastirine, alikozikwa Domnius, kisha ufuate magofu kuelekea magharibi hadi kwenye uwanja wa mapigano.