Geti la chuma: kumpata fundi wa kuchomelea na kuikagua kazi kabla ya rangi

Rangi inaficha mengi. Geti lililoshikizwa kwa doti mbilimbili na geti lililochomelewa kona nzima, yakishapakwa rangi ya mafuta, huwezi kuyatofautisha. Tofauti utaiona baada ya masika moja au mawili, kona zikianza kuachia na geti kuburuza chini. Kwa hiyo mapatano yako na fundi yajengwe juu ya jambo moja: kazi inakaguliwa ikiwa bado chuma kitupu, na hela ya maana inatoka baada ya hapo.

Usimchague fundi kwa picha za kwenye simu. Mwombe akupeleke kwenye geti alilotengeneza miaka miwili iliyopita au zaidi. Angalia chini ya bawaba ya chini, kwenye kona za chini ambako maji husimama, na pale komeo linapoingia. Mchirizi wa kutu unaotoka kwenye mshono, yaani pale vyuma vilipochomelewa pamoja, maana yake mshono una matundu. Komeo lisiloingia mpaka geti liinuliwe kwa mkono maana yake fremu imeshuka. Cheti cha VETA ni sifa nzuri, lakini kazi ya zamani inasema zaidi. Mwenye nyumba naye muulize: alimaliza siku aliyoahidi, au ilikuwa njoo kesho, njoo kesho?

Hesabu ya vifaa ifanye mwenyewe kabla hujaletewa orodha. Tuseme nafasi ya kuingilia gari ni mita 3.6 na unataka geti la milango miwili. Kila mlango uwe na upana wa mita 1.75 na kimo cha mita 2.1, sentimita 10 zinazobaki ni za bawaba na upenyo wa katikati. Fremu ni ya skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, ya milimita 40 kwa 40, kila mlango una mkanda mmoja wa ulalo katikati, na chini ya mkanda huo mshazari unaoanzia kona ya chini upande wa bawaba na kupanda kuelekea upande wa komeo. Huo mshazari ndio unaozuia geti kulala, na ndio wa kwanza kuachwa fundi akilipua kazi.

Bomba moja la mita 6 linatoa vipande viwili vya wima vya mita 2.1 na kimoja cha ulalo cha mita 1.75. Mabomba mawili ya namna hiyo yanamaliza wima zote 4 na ulalo 2. La tatu linatoa ulalo 3. La nne linatoa ulalo wa mwisho, na mita 4.25 zinazobaki zinatosha mishazari miwili ya mita 2.04. Jumla mabomba 4. Shiti za futi 4 kwa 8 ni 3: kila mlango unakula shiti moja nzima na kipande cha sentimita 53, na vipande vyote viwili vinatoka kwenye shiti ya tatu. Nguzo za geti na kijimlango cha watu, kama unakitaka, vina hesabu yake. Orodha ikija na mabomba 7 na shiti 5, mwambie akuchoree anavyokata. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki kwa swali hilo.

Hatari kubwa iko kwenye unene. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2, na kwa macho zinafanana. Mizani haidanganyi: bomba la 40 kwa 40 la mita 6 lenye milimita 1.5 lina kilo 10.7 hivi, la 1.2 lina kilo 8.6. Shiti ya milimita 1.5 ina kilo 35, ya 1.2 ina kilo 28. Nenda dukani pamoja na fundi, pimeni, lipa wewe, chukua risiti. Bomba jembamba si kwamba linachakaa mapema tu. Linamsumbua fundi pia. Moto ukizidi linatoboka, ukipungua mshono unakaa juujuu bila kushika. Kwa milimita 1.5, kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 kwa ampia 60 hadi 80 kinatosha. Vijiti vilivyopata unyevu huacha matundu kwenye mshono, kwa hiyo paketi iliyokaa wazi kwenye kibanda kinachovuja isitumike kwako.

Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: vipimo, unene, idadi ya bawaba, mikono ya rangi, siku ya kumaliza, na nani analipia umeme kama kazi inafanyika kwako, maana mashine inakula uniti za LUKU. Kila mlango wa shiti ya 1.5 unafika kilo 65 hivi, kwa hiyo bawaba ziwe 3, siyo 2. Ikiwa hela ni kubwa, saini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Malipo ya ufundi yagawe: theluthi ya kuanzia, theluthi baada ya ukaguzi wa chuma kitupu, iliyobaki geti likishafungwa. Fundi aliyelipwa zote mwanzoni ni rahisi kuingia mitini.

Siku ya ukaguzi nenda na nyundo ndogo na futi kamba. Gonga kila mshono mpaka ganda jeusi litoke. Likibaki, litabanduka baadaye pamoja na rangi. Mshono uzunguke kona yote. Ukiona puti imejazwa kwenye kona, ikwanguliwe uone kilicho chini. Pima kona hadi kona: kwa mlango wetu kila mshazari wa fremu ni mita 2.73, na vipimo viwili vya mlango mmoja vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, fremu imepinda. Ncha za mabomba zilizo wazi zizibwe, la sivyo kutu inaanzia ndani.

Baada ya hapo chuma kifutwe kwa thina, kwa kuwa bomba jipya huja na mafuta, kipigwe msasa, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyohiyo. Kwa nyumba za pwani, mikono miwili ya kuzuia kutu, kisha miwili ya rangi ya mafuta. Wakati wa kufunga, bawaba huchomelewa papohapo na rangi ya pale huungua. Sehemu hizo zirudiwe zote, husahaulika sana. Geti liachwe sentimita 5 juu ya ardhi. Funika vioo na vigae vilivyo karibu kabla grenda haijawashwa, cheche zake huganda kwenye kioo na hazitoki. Watoto wakae mbali. Mwanga wa kuchomelea unaumiza macho, na maumivu huja usiku.

Ukimpa fundi huyohuyo kazi ya grili za madirisha, kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani, yenye bawaba na kufuli. Moto ukishika mlangoni, dirisha ndiyo njia pekee. Ufunguo ukae ndani, mahali ambapo hata mtoto anaufikia, lakini mkono wa mtu wa nje haufiki.