Kumbakiza Mtoto Darasani Msimu wa Palizi na Mavuno

Katika vijiji vya bara ya Malindi, pwani ya Kenya, kuanzia Kakuyuni na Jilore hadi Langobaya, madawati hayabaki matupu ovyo ovyo. Huanza Mei, masika yakishashika na magugu yakianza kushindana na mahindi. Mahindi yakibeba, nyani nao hushuka, na wavulana hupotea tena. Mwisho wa mwaka ni zamu ya maembe na korosho. Kando ya mto Sabaki, ambako watu humwagilia nyanya na matikiti, msimu hauna mwisho: kibarua kipo mwaka mzima. Kamati ya kijiji inayoanza kuuliza watoto wako wapi mwezi wa Juni imechelewa. Kazi yake ilikuwa Machi.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Mtoto kushika jembe Jumamosi pamoja na wazazi wake si kosa, na kamati itakayoanza kwa kukataza hilo haitakaribishwa kwa mtu. Kinachotafutwa ni kulinda saa za shule, na kuzuia kazi zinazoumiza mwili.

Kalenda mbili kwenye karatasi moja

Chukueni karatasi ya manila, mchore miezi 12. Juu andikeni mihula: wa kwanza Januari hadi mwanzo wa Aprili, wa pili mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Agosti, wa tatu mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Chini yake wakulima wenyewe waseme kazi za shamba kwa mfuatano. Upandaji wa masika huangukia karibu na likizo ya Aprili, kwa hivyo hausumbui sana. Palizi ya kwanza hufika wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota, na hapo muhula wa pili umekwisha kufunguliwa. Palizi ya pili na kulinda shamba dhidi ya nyani vyote viwili viko ndani ya muhula huo huo. Muhula wa pili ndio mrefu, na ndio unaoliwa zaidi.

Kwa kila kazi ulizeni: hufanywa na nani, saa ngapi, siku ngapi? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuhesabu wanaoonekana shambani tu. Msichana wa darasa la nne aliyebaki nyumbani kumlea mdogo wake ili mama aende kibarua haonekani popote, na jina lake haliingii kwenye orodha. Naye ni kazi ya shamba iliyomtoa shule, ingawa hakushika jembe. Kwa watoto kama huyu dawa ni mahali pa kuwaacha wadogo: ua wa msikiti au wa kanisa, akina mama wawili kwa zamu, maji, mkeka, na uji saa nne. Pasiwe mbali na njia ya kwenda mashambani, la sivyo hakuna atakayepita.

Rejista, na kwa nini haitoshi

Mwalimu wa darasa huita majina asubuhi na alasiri. Kamati iombe majina ya waliokosa, isiridhike na jumla yao. Utaratibu unaofanya kazi ni mfupi: siku ya pili mtoto akikosa, mzazi apigiwe simu au atumiwe salamu kupitia jirani, siku ya tatu, watu wawili wa kamati wafike nyumbani, siku ya tano, mwalimu mkuu aandike barua. Hili la mwalimu mkuu si hisani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka achunguze kwa nini mwanafunzi hafiki, na ampe mzazi notisi ya maandishi pasipokuwa na sababu ya maana.

Rejista ina udhaifu wake. Serikali hupeleka fedha shuleni kwa kila kichwa, shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, kwa hivyo kishawishi cha kumwandika aliyekosa kwamba yupo ni kikubwa. Pia kuna watoto wanaofika asubuhi, wakaitwa, kisha baada ya saa sita wakaishia mashambani. Mzazi mmoja wa kamati apite madarasani mara moja kwa wiki baada ya chakula cha mchana, siku isiyojulikana, ahesabu vichwa na alinganishe. Afanye hivyo kwa upole, mbele ya mwalimu.

Kamati yenyewe isizidi watu saba. Awepo mwalimu mmoja, mzazi kutoka bodi ya shule, mzee wa kijiji, imamu au mchungaji, mama anayeaminika kwenye chama cha akiba, na lazima awepo mkulima mmoja anayeajiri vibarua. Naibu wa chifu asiwe mwenyekiti. Akiwa mwenyekiti, kila hodi itaonekana ni ya kukamata, na watoto watafichwa.

Namna ya kubisha hodi

Nendeni jioni, watu wakisharudi shambani, mmoja wenu awe mwanamke. Msianze na shule. Salimianeni, ulizeni mvua, ulizeni shamba limefikia wapi. Kisha semeni kwa jina: “Mama, Kazungu hatujamuona tangu Jumatatu. Palizi imebaki kiasi gani?” Swali hilo la pili ndilo lenye kazi. Jibu lake huwa na kipimo: robo ekari, siku tatu, au “nyani wamemaliza upande wa msituni.” Kipimo hicho kikishajulikana, kuna la kufanya. Mkiuliza “kwa nini hamumpeleki shule?” mtajibiwa anaumwa, na mazungumzo yamekwisha.

Kuziba pengo la mikono

Mweria, yaani majirani kulimiana kwa zamu, ni jambo la zamani huku, na hapa ndipo pa kuutumia. Kupalilia ekari moja kwa jembe hula kama siku 8 hadi 10 za mtu mmoja, kutegemea magugu. Watu wazima kumi wakiingia pamoja alfajiri, ekari huisha siku hiyo hiyo. Familia kumi, siku kumi, hakuna mtoto aliyetolewa darasani.

Huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni zamu. Ikipangwa kwa urafiki au kwa ukubwa wa mtu, wa mwisho hufikiwa magugu yamemshinda, naye hatangoja: atamtoa mtoto. Pangeni kwa tarehe ya kupanda, aliyepanda mwanzo apaliliwe mwanzo. Kama kuna nyanya anayelea wajukuu peke yake, atangulie. Ya pili ni chakula. Mwenye shamba hulisha wafanyakazi, na wasio na uwezo hujitoa kimya kimya kwa aibu. Wekeni kiwango tangu mwanzo, uji na mihogo ya kuchemsha basi, na anayetaka kuchinja kuku achinje siku ya harusi.

Kulinda shamba ni kugumu zaidi, kwa kuwa ni kutwa nzima, kuanzia macheo hadi magharibi, kwa wiki kadhaa, na nyani huja pale tu mlinzi anapoondoka. Dawa ni mashamba yaliyopakana kupandwa wiki moja. Kaya 12 zikilinda kipande kimoja, watu wazima wawili kila siku juu ya dungu (jukwaa la kulindia), zamu humrudia mtu baada ya siku sita. Jumamosi vijana wakubwa wanaweza kuwapumzisha. Anayechelewa kupanda hubaki kulinda peke yake wenzake wakishavuna, na mtoto wake ndiye atakayekosa darasa. Basi asaidiwe mbegu au jembe mapema kuliko kulaumiwa baadaye. Walio karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wana la ziada: ndovu. Hapo mtoto asiwekwe kulinda kabisa, mchana wala usiku, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liitwe.

Sufuria ya shule

Mtoto hukaa mahali penye chakula. Kipimo kinachotumika katika mpango wa chakula shuleni ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto kwa siku, gramu 40 za kunde au maharagwe, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Kwa watoto 200 ni kilo 30 za mahindi na kilo 8 za kunde kila siku. Gunia la kilo 90 huisha kwa siku tatu. Muhula wa wiki 13 utahitaji karibu magunia 22 ya mahindi na sita ya kunde. Kwa mzazi mmoja ni kilo 10 za mahindi na chini kidogo ya kilo 3 za kunde kwa kila mtoto. Zikusanywe baada ya mavuno, zisidaiwe kila asubuhi mlangoni, kwa sababu mtoto asiye na kopo la mahindi hatakuja kabisa.

Hewa ya pwani ina unyevu, na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu yenye sumu. Kabla ya kupokea gunia, chukueni chupa kavu ya kioo, tieni vijiko vitatu vya chumvi kavu, kisha mahindi hadi theluthi ya chupa. Tikiseni dakika moja, iacheni itulie dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana maji mengi: yarudi kwenye turubai juani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Hapa pasiwe na muhali, hata gunia likiwa la mwenyekiti.

Anayeajiri watoto

Huyu ni mtu mwingine, haingii kwenye mweria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13. Wa 13 hadi 16 aruhusiwe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kubeba pampu ya kupulizia nyanya dawa si kazi nyepesi, hata ikilipwa vizuri. Mzazi naye, asipompeleka mtoto shule, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa mkulima wa kawaida anzeni na makubaliano. Malipo ya kwa kilo huwafanya wazazi waje na watoto ili mikono iwe mingi, kwa hivyo mwenye shamba aandike kwenye daftari la malipo majina ya watu wazima tu, na asipokee mtoto saa za shule. Akikaidi, mzee wa kijiji amwandikie, nakala kwa naibu wa chifu, kisha suala liende kwa afisa wa watoto na afisa wa kazi. Penye sumu, kazi za usiku au dhuluma ya kimwili, hatua hizo zirukwe: pigeni 116 siku hiyo hiyo, ni bure na simu hupokelewa usiku na mchana.

Akisharudi

Wiki mbili za kwanza ndizo hatari. Asisimamishwe mbele ya gwaride, wala asidaiwe michango ya miezi aliyokosa. Apewe saa moja ya kufidia baada ya masomo, hesabu na kusoma kwanza. Sare aliyoachiwa na waliohitimu imtoshe. Kama hana cheti cha kuzaliwa, kishughulikiwe mara moja, maana kukosa hicho humkwamisha kwenye usajili wa mitihani.

Wiki ya mwisho ya muhula wa pili kamati ikae na rejista ya Mei hadi Julai, iangalie ni kaya zipi zilizorudia na kwa kazi ipi. Kikao hicho kisisogezwe hadi Septemba: mahindi yatakuwa yameuzwa, na sufuria ya muhula wa tatu hujazwa kutoka kwenye mavuno hayo.