Somo: Tanga hadi Pangani, kituo kwa kituo kwenye majengo ya kale

Barabara ya Tanga kwenda Pangani ni kama kilomita 50 tu, na wengi wetu huikimbiza tuwahi ufukweni. Magofu ya Tongoni tunayapita bila hata kugeuza shingo. Nimeandika somo hili ili mtu ashuke garini, maana mambo ya pale hayaonekani kwa kupita.

Hatua ya 1: Anzia mjini. Nenda kwanza kwenye boma la zamani la Wajerumani, ambako sasa kuna makumbusho ya Urithi. Zitazame picha za kale kwa makini, kwa sababu ndizo zitakazokusaidia kuyatambua majengo ukitoka mtaani. Huu ndio mji ilikoanzia reli ya Usambara mwaka 1893, na ndio mji uliopiganiwa Novemba 1914, vita ambavyo wazee bado wanavisimulia kwa habari ya nyuki waliowatimua askari. Ukifika Bombo, litazame kwa nje jengo kuukuu la hospitali ya Wajerumani linaloelekea bahari. Limechakaa vibaya, na inauma kuliona.

Hatua ya 2: Ondoka asubuhi. Panda gari la Pangani, mwambie konda akushushe Tongoni, kilomita 17 hivi kutoka mjini. Jua la asubuhi hupiga kuta kwa ubavu, na michoro iliyofifia hujitokeza. Saa sita mchana huoni kitu. Masika nyasi hurefuka na njia huteleza, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika mguu.

Hatua ya 3: Piga hodi. Mtafute mlinzi, salimia, lipa kiingilio na uchukue risiti. Hapa ni msikiti na makaburi, na wapo wanaofika kuomba dua hadi leo. Vaa kwa heshima, usikae juu ya kaburi, na ukimkuta mtu na dua yake, subiri amalize.

Hatua ya 4: Usome ukuta. Hapa usiwe na haraka. Sogea karibu na jiwe mpaka uone vitundu vidogo vyenye umbo la nyota. Hayo ni matumbawe, yaliyotolewa baharini. Jiwe laini la baharini lilichongwa likiwa bado bichi, ndiyo maana kingo za mihrabu, kile kishubaka cha imamu katika ukuta wa mbele wa msikiti, hutoka safi namna ile. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo. Katika nyumba za mawe za pwani, dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki mbali. Basi ukiingia chumba kirefu lakini chembamba, upana wake uliamuliwa na mti.

Kisha nenda makaburini. Yapo yapatayo 40, na hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi ya minara, yaani yenye nguzo ya mawe iliyosimamishwa juu yake, mengi hivi pamoja. Minara mingi imeanguka. Tafuta mashimo ya duara yaliyokuwa na mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Bakuli halipo, lakini alama ya kitako chake imebaki kwenye chokaa. Mimi alama ile hunigusa kuliko bakuli zima lililo kabatini.

Wareno waliipita pwani hii mwaka 1498 na Vasco da Gama. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India na mabaharia wamepungua, waliichoma meli yao São Rafael kwenye mafungu ya huku.

Hatua ya 5: Pangani. Tembea kwa miguu barabara ya mtoni, utazame milango na baraza. Uasi wa Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulianzia mji huu mwaka 1888, na hapa hapa alinyongwa Desemba 1889. Waulize wazee wa barazani, si dereva wa boda.

Maswali ya wadau

*Shikamoo mwalimu. Nina watoto wa darasa la nne, hawatachoka?*
Marahaba. Wape kazi. Waambie watafute kibla, yaani upande wa Makka ambao Waislamu huuelekea wakiswali, bila kuuliza mtu. Kutoka kwetu Makka iko kaskazini, kwa hiyo ukuta wenye mihrabu unawapa dira. Hawatataka kuondoka.

*Kaka, Amboni tunaweza kuunganisha siku hiyo hiyo?*
Mapango ya Amboni yako upande wa pili wa Tanga, njia ya Horohoro. Yape siku yake, na uingie na mwenyeji mwenye tochi.

*Niliona kigae cha sahani ya buluu chini. Naweza kuokota kimoja?*
Kiache, ndugu yangu. Kikiwa pale kinaonyesha nani aliishi wapi na alifanya biashara na nani. Kikiwa mfukoni mwako hakisemi kitu. Na sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863.

*Mwalimu, nyumba ya marehemu bibi yetu Pangani ina mlango wa kuchonga. Kuna mtu anataka kuununua, na familia imekubali. Una ushauri gani?*
Poleni kwa msiba. Sheria hiyo hiyo inaitaja milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, pamoja na fremu zake, na kuupeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Kabla hamjapokea hata shilingi, mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri. Upigeni picha mlango mzima, halafu kizingiti cha juu peke yake, kwa sababu maandishi na tarehe mara nyingi huwa pale. Na kama tatizo ni bati linalovuja, itisheni kikao cha ukoo mchange bati. Ni rahisi kuliko kumpata fundi wa kuchonga mwingine kama ule.