SOMO: Kufufua Datsun 1200 pikapu uani kwako (soma lote kwanza, ndipo uulize)

Swali la "mzee, nimepata Datsun 1200, nianzie wapi?" nimelijibu mara nyingi hadi mke wangu akiona simu inawaka usiku ananiuliza, "Leo nani tena kakata gari?" Basi naandika mara moja. Atakayeuliza lililomo humu nitamwelekeza kwenye namba ya hatua, asinune.

Yangu niliikuta hapa Tanga chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani ya kebini. Karakana yangu ni banda la mabati uani, lina taa mbili, na sakafu ya zege nimeipima kwa pima maji. Hiyo sakafu iliyonyooka ishikeni akilini, tutairudia.

Hatua ya 1. Karatasi. Kadi ya gari na namba ya chesisi zilingane. Namba imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na kebini. Ikiwa imeliwa na kutu au imekwanguliwa, acha gari hapo hapo ulipolikuta. Hakikisha TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujalipa, si baada.

Hatua ya 2. Picha na mifuko. Piga picha kila kitu kabla ya kukifungua. Nati za kila sehemu ziweke kwenye mfuko wake, uandike.

Hatua ya 3. Vua. Viti, vioo, mazulia, bampa, nyaya. Tangi la mafuta litoke kabisa, likae mbali na banda. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke. Usilichomelee mwenyewe.

Hatua ya 4. Kutu. Hapa kaa chini usome polepole.

Kwanza ujue kutu ya flo (sakafu ya kebini) ya 1200 mara nyingi haianzii chini, inaanzia juu. Kuna matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa. Majani ya mwembe yanaingia humo, yanaoza, yanaziba njia ya maji, na maji yanatoboa bati na kushukia miguuni mwa dereva. Ukibadilisha flo bila kusafisha na kuziba kule juu, utakuwa umejenga beseni jipya. Kagua pia vizingiti chini ya milango, mabano yanayoshika springi za nyuma, na pembe za nyuma za bodi ya mizigo. Usipime kwa macho. Chukua bisibisi ya zamani uchome. Ikizama, hapo hapana chuma, pana rangi tu.

Sasa kosa langu. Datsun 1200 si kama Hilux. Hilux ina chesisi yake chini, kebini imekalishwa juu kama kofia. Hii ya kwetu kebini na bodi ya nyuma ni kitu kimoja, na bati lenyewe ndilo linalobeba gari. Vizingiti vya mlango si pambo, ndiyo boriti. Mimi hilo nililijua kwa kusoma, ila mikono haikujua. Jumamosi moja nikapiga jeki mbele na nyuma, nikakata vizingiti vyote viwili pamoja na flo, kwa raha zangu, cheche zinaruka. Jumapili nikachomelea mabati mapya, kazi safi kabisa. Jumatatu nikarudisha mlango wa dereva. Juu uwazi ulitosha kupitisha shilingi mia tano ya sarafu kwa taabu, chini kidole changu kikazama. Gari lilikuwa limelegea katikati kama kitanda cha kamba, na mimi nimelichomelea likiwa hivyo hivyo. Nilikata tena kila nilichochomelea. Wiki tatu na bati jipya vikaenda na maji.

Kwa hiyo fanya hivi:

Gari likae kwenye stendi nne, karibu na pale miguu ya magurudumu inaposhikilia bodi, juu ya sakafu iliyonyooka. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja ukiwa chini ya gari.

Milango ibaki imefungwa mahali pake. Pima uwazi wake juu, katikati na chini, uandike kwenye utepe wa karatasi wenye gundi ubandike hapo hapo. Pima na mshazari: kutoka kona ya chini ya nguzo ya bawaba hadi kona ya juu ya nguzo ya kitasa, kisha kinyume chake. Andika pia.

Kisha chomelea bomba la mraba la inchi moja kwa ndani, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, mawili kila upande, na moja la kukatiza kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Yawe ndani vya kutosha ili mlango uendelee kufunguka na kufungwa, kwa sababu mlango ndio kipimo chako.

Kata upande mmoja tu. Maliza. Pima. Ndipo uende wa pili. Usikate leo utakachochomelea mwezi ujao.

Bati liwe la milimita 1 hivi, bati jeusi. Bati la kuezekea usilete. Ni jembamba, na zinki yake ikiungua inatoa moshi utakaokulaza na homa usiku kucha, ukadhani ni malaria. Tumia mashine ya MIG (inayochomelea kwa waya) au gesi. Mashine ya rodi kwenye bati hili inatoboa tu, na atakayesema yeye anaweza, namwamini, ila hakuja kusoma somo hili.

Shika kwa nukta ndogo za kuchomelea. Moja huku, nyingine mbali kule, uache zipoe, mpaka nukta ziwe zimekaribiana. Usivute mstari mrefu.

Hatua ya 5. Injini. Ni A12, cc 1171, na ni mvumilivu kuliko watu wanavyodhani. Iliyolala miaka usiipige stata. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, lala, asubuhi izungushe kwa mkono kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikikataa, usilazimishe, ongeza oili na subira. Ikizunguka, weka uwazi: plagi milimita 0.8, pointi 0.5, vali 0.35 injini ikiwa ya moto. Mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-3-4-2. Silinda hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo ikichemka inapinda. Rejeta kwanza, mbio baadaye.

Hatua ya 6. Breki. Zote nne ni za dramu. Raba za masta silinda (pampu kuu ya breki) na za kwenye magurudumu badilisha zote, hata zinazoonekana nzima. Zioshe kwa mafuta ya breki, si kwa petroli, petroli inazivimbisha. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto.

Hatua ya 7. Umeme. Nyaya chache, fyuzi chache. Sugua kila mahali pa ardhi, yaani waya unapofungwa kwenye bodi, mpaka pang'ae.

Hatua ya 8. Rangi. Msasa, praimari, msasa, rangi. Rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ina sumu inayoharibu mapafu, na kitambaa cha puani hakizuii kitu. Huna barakoa ya kichujio, mpelekee mwenye kibanda cha rangi.

MASWALI YA WANACHAMA

Chuma_Chakavu: Jumla inagharimu shilingi ngapi?

*Jibu:* Leta bisibisi, choma, hesabu matundu. Mimi kutu ilinila pesa kuliko injini. Zaidi ya hapo hakuna awezaye kukwambia.

Dogo wa Mabawa: Mzee mi nina Hilux. Hayo mabomba ya mlangoni lazima?

*Jibu:* Hilux chesisi inakubeba, haitalegea kama yangu. Lakini ukikata kizingiti chote cha kebini, nguzo zinaweza kusogea. Weka bomba moja kila upande. Ni saa moja ya kazi.

kobe_mwendokasi: Nimeshakata pande zote mbili na kuchomelea, sasa mlango haufungi. Nifanyeje mkuu?

*Jibu:* Hatua ya 4.

kobe_mwendokasi: Nimeisoma baada ya kukata.

*Jibu:* Haya, tuko wawili. Usiguse bawaba, na asije mtu kukwambia uukunje mlango uingie. Mlango hauna kosa. Weka gari kwenye stendi nne, pima mishazari, utaona upande upi umezidi. Kata ulichochomelea kwenye kizingiti kimoja, pandisha katikati taratibu kwa jeki na ubao mpana mpaka uwazi wa mlango ulingane juu na chini. Funga mabomba. Chomelea. Kisha upande wa pili. Ukifika kwenye mishazari niandikie vipimo vyako nivione kabla hujashika grenda.

Tajiri_Mtarajiwa: Fundi wangu anasema mambo mengi ya nini, anajaza puti na wavu, anapiga rangi, siku mbili gari liko barabarani.

*Jibu:* Sawa.

Tajiri_Mtarajiwa: Sasa mbona unajibu hivyo? Nauliza ni sahihi au la.

*Jibu:* Hukuuliza, umenipa taarifa. Puti ni ya kusawazisha, unene wa ukucha. Kizingiti cha puti hakibebi gari, na likigongwa ubavuni unajua nani yuko upande wa pili wa hiyo puti. Nimemaliza.

Nguzo_Tatu: Somo zuri, ila hujasema kutoa waya wa betri kabla ya kuchomelea. Mimi niliunguza alteneta hivyo.

*Jibu:* Nilisahau kuandika, si kufanya. Lakini uko sahihi, na wengine watasoma hapa: toa betri nje kabisa, na kibano cha ardhi cha mashine kikae karibu na unapochomelea. Asante.

Binti_VETA: Shikamoo mzee. Niko mwaka wa pili, uchomeleaji. Tumefundishwa kuruka-ruka nukta kwenye bati jembamba ila sielewi vizuri kwa nini bati linapinda hata ukilibana kwa kibano.

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Swali hili ndilo nililokuwa nalingoja. Bati likipata moto linataka kutanuka. Pale unapochomelea limezungukwa na bati baridi ambalo halisogei, kwa hiyo lile la moto linajikusanya na kunenepa mahali pake. Likipoa linasinyaa, lakini sasa limeshajikusanya, kwa hiyo linakuwa fupi kuliko mwanzo na linavuta wenzake. Ndiyo mikunjo unayoiona. Kibano kinashika kingo tu, hakizuii kusinyaa. Ukiruka-ruka, kila nukta inapoa kabla jirani yake hajapata moto. Fanya jaribio: chukua vipande viwili vya milimita 1, urefu wa dhiraa. Kimoja kivutie mstari mmoja moja kwa moja, kingine nukta. Viweke juu ya kioo cha meza uone. Na mstari uliokwishapinda unaweza kuurudisha kwa kuugonga taratibu, nyundo juu na chuma chini yake. Kule kugonga kunaurefusha tena.

Binti_VETA: Nimefanya mzee. Cha mstari kimekuwa kama ganda la ndizi!

*Jibu:* Kihifadhi. Siku ukifungua karakana kitundike mlangoni.

Mama Pikapu, Mombasa: Kaka, yangu inatembea bado, napeleka mboga sokoni. Wazee hapa waniambia petroli ya siku hizi haina risasi, itakula vali. Ni kweli? Na vipuri napata wapi, huku vimekuwa adimu.

*Jibu:* Dada, petroli ya risasi iliondoka huku kwetu mwanzoni mwa 2006, na gari lako bado lapeleka mboga. Hedi ya A12 ni aluminiamu, kwa hiyo viti vya vali ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Endesha. Ila pima uwazi wa vali mara kwa mara. Ukiona unapungua haraka, rudi tuongee. Vipuri: Afrika Kusini waliendelea kuunda ndugu yake, Nissan 1400, hadi 2008, kwa hiyo vitu vingi vya huko vinaingia. Injini yake A14 ni cc 1397, inakaa kwenye 1200.

Nguzo_Tatu: Kuna waliofunga injini ya A15 ya Nissan Vanette.

*Jibu:* Nimeona moja. Aliyeifanya alihamishia sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya 1200, maana ya Vanette ina umbo lake. Mwenyewe sijajaribu, sitafundisha nisichokifanya.

Baharia wa Pangani: Mzee, ndani ya vizingiti ukishafunga unapaka nini? Brashi haifiki.

*Jibu:* Kabla ya kufunga napaka praimari ya zinki kila upande isipokuwa pale nitakapochomelea. Baada ya kufunga natoboa tundu dogo kwa ndani, napuliza mafuta mazito mpaka yachuruzike kwenye matundu ya maji ya chini. Hayo matundu ya chini msiyazibe jamani, ndiyo yanayotoa maji.

Baharia wa Pangani: Babu yangu alikuwa akipaka sifa kwenye jahazi. Mafuta ya papa. Chuma nacho kingekubali?

*Jibu:* Kingekubali, na nimejaribu. Yanapenya kwenye kila mshono kuliko mafuta yoyote ya gari niliyowahi kutumia. Nilifungua kizingiti kimoja baada ya masika mawili, ndani bado panateleza.

Mama Pikapu, Mombasa: Na harufu yake?

*Jibu:* Wiki tatu paka wa mtaa mzima walilala chini ya gari. Kuku wa mwembeni hawajarudi mpaka leo.