Namna ya kubishania Marekani barazani hadi kikombe cha tatu

Mimi nauza kahawa Wete, Pemba. Dele, mkaa, vikombe, kashata, na siku mkono ukiwa mzuri, kisahani cha halua. Biashara yangu inategemea ubishi. Watu wakikubaliana upesi hunywa kikombe kimoja wakenda zao. Wakigombana huondoka hata hicho kimoja hawajakimaliza. Ninaoutaka ni ubishi wa katikati, wa vikombe vitatu, na hakuna mada inayoutoa kama Marekani.

Sababu kila Mpemba anaijua. Siasa za hapa zinauma. Waliokuwepo baada ya uchaguzi wa 1995 wanakumbuka watu kususiana maduka, gari na hata maziko kwa ajili ya chama. Maridhiano ya 2009 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya 2010 yalilegeza kamba, lakini mwenye akili bado hupima maneno. Obama na Trump hawapimiwi. Hakuna mtu wa Wete aliyeoa kwao.

Barazani pangu wapo wawili wasiochoka. Maalim, mwalimu mstaafu wa hesabu, ni Democrat, chama cha Obama, tangu 2008. Mwenyewe anasema ni kwa ajili ya sera, sisi tunasema ni kwa kuwa babake Obama alikuwa Mkenya. Nahodha ana mashua zake mbili, naye ni Republican, chama cha Bush na Trump, kwa sababu hapendi kodi ya aina yoyote, ya Washington wala ya bandarini. Wanalobishania ni lile lile: serikali ikimwaga fedha, watu hupata kazi au huharibikiwa? Na kazi zikipotea, alaumiwe nani? Kijana ukitaka kuingia hapo, usije na makelele. Njoo na haya.

Usitaje rais kabla hujataja mwezi. Hapa ndipo wengi wanapozama. Maalim husema Obama aliukuta uchumi maiti akaufufua. Nahodha husema Obama alimwaga mabilioni na wasio na kazi wakaongezeka. Wote wawili wana namba za kweli. Januari 2009, mwezi alioapishwa, wasio na kazi Marekani walikuwa asilimia 7.8. Tarehe 17 Februari akasaini mpango wa kuinua uchumi wa dola bilioni 787. Oktoba mwaka huo huo wasio na kazi wakafika asilimia 10. Alipoondoka Januari 2017 walikuwa asilimia 4.7. Sasa, ukianza kuhesabu Februari 2009 ukasita Oktoba, Nahodha kashinda. Ukianza Oktoba ukenda hadi 2017, Maalim kashinda. Mimi sauti zikipanda huuliza swali moja tu huku namimina: "Saa yenu mmeianzia wapi?" Mdororo wa uchumi wenyewe ulianza Desemba 2007, Bush akiwa madarakani, na benki ya Lehman Brothers ikaanguka Septemba 2008. Kazi zilikuwa zinaporomoka kabla Obama hajagusa Biblia ya kiapo. Ukishasema hivyo unakuwa hujamtetea Obama wala hujamlaumu Bush. Umeweka kigingi tu, na kila mmoja sasa inambidi aseme anapimia wapi.

Lakini usidhani Nahodha anakwisha hapo. Ana silaha. Wachumi wawili wa Obama, Christina Romer na Jared Bernstein, waliandika Januari 2009 kwamba mpango ukipita, wasio na kazi hawatazidi kama asilimia 8. Mpango ukapita, wakazidi. Nahodha hulitoa hilo polepole, kikombe mkononi, akimtazama Maalim usoni.

Maalim naye siku moja alikuja na jawabu lake, amelitafuta kwenye simu ya mwanawe. Makisio ya kwanza ya serikali ya Marekani kuhusu miezi mitatu ya mwisho ya 2008 yalisema uchumi umesinyaa kwa kasi ya asilimia 3.8 kwa mwaka. Hesabu zilipokuja kurudiwa baadaye, ikaonekana kasi ilikuwa zaidi ya asilimia 8. Yaani walipokuwa wanaandika ahadi yao, hawakujua hali ni mbaya kiasi gani.

"Ewaa," Nahodha akasema. "Kama hamkujua kina cha bahari, mlijuaje urefu wa kamba ya nanga?"

Baraza zima likacheka, na Maalim akacheka pia, kisha akasema: "Basi nahodha mwenzangu, kamba ikiwa fupi unaongeza kamba au unaikata?" Siku ile nilichemsha dele la pili. Kwa kweli hapo ndipo ugomvi wenyewe wa vyama vyao ulipo. Wa Democrat wakasema fedha zilikuwa chache, wa Republican wakasema hazikutakiwa kabisa, na namba ile ile ya asilimia 10 kila upande ukaifanya shahidi wake. Huwezi kumaliza kwa namba, kwa sababu hakuna Marekani ya pili ambayo haikupewa mpango tukaipima. Ukimwona mtu ana uhakika wa moja kwa moja hapa, mwongeze sukari.

Jambo la pili, uliza anayehesabiwa ni nani. Kwa Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, ile inayoitwa BLS, asiye na kazi si kila aliyekaa bure. Kila mwezi huulizwa kaya kama 60,000. Ukiwa umefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki wanayoulizia, una kazi. Ukiwa hukufanya, na katika wiki nne zilizopita umetafuta, na uko tayari kuanza, huna kazi. Na ukiwa hukufanya wala hukutafuta, basi huwekwi katika mizani: si mwenye kazi wala si asiye na kazi. Niliwaeleza vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele yangu. Mmoja akasema, "Kwa hiyo mimi niliyechuma karafuu Jumatatu asubuhi tu, Mmarekani ananiandika nina kazi?" Anakuandika, mwanangu. Mwenzako aliyechoka kutafuta tangu mwaka jana hayumo kabisa.

Ndiyo maana asilimia inaweza kushuka bila mtu hata mmoja kuajiriwa, na Nahodha alilishika hilo miaka yote ya Obama: watu wamekata tamaa, ndiyo maana namba inapendeza. Hakuwa anaropoka. Mwaka 2007 waliokuwa kazini au wakitafuta walikuwa kama asilimia 66 ya watu wazima, na 2015 walikuwa chini ya asilimia 63. Maalim akajibu kwamba wale waliozaliwa kwa wingi baada ya vita, kuanzia 1946, wamefika umri wa kustaafu, na mzee aliyestaafu hakukata tamaa, kapumzika. Yeye mwenyewe ni mfano.

Ukitaka kuwapatanisha, waondoe wanafunzi na wazee. Chukua watu wa miaka 25 hadi 54 peke yao, uliza wangapi wana kazi. Kabla ya mdororo walikuwa kama 80 kwa kila mia. Baada yake wakashuka hadi kama 75, na wakachukua miaka mingi kurudi. Hadi 2019 ndipo walipofika tena 80. Hapo kila mmoja hupata chake: Nahodha anaona polepole ya kurudi, Maalim anaona kwamba walirudi. Hii ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote, maana haimpi mtu ushindi wa bure.

Katika fedha za serikali, jua kalenda na jua kalamu. Mwaka wa bajeti wa kwetu huanza tarehe 1 Julai, wao tarehe 1 Oktoba. Rais wao huapishwa tarehe 20 Januari, kwa hiyo huukuta mwaka wa fedha umeshakatwa robo na zaidi. Ndiyo asili ya ule ubishi wa nakisi, yaani matumizi kuzidi mapato, ya 2009, iliyoishia karibu dola trilioni 1.4. Nahodha huiandika yote kwa Obama. Lakini CBO, ofisi ya bajeti ya Bunge lao, ilikwishakisia mwanzoni mwa Januari, kabla ya kiapo, kwamba nakisi ya mwaka ule itakuwa trilioni 1.2.

Na rais wao hapangi fedha peke yake. Hupendekeza, wanaoamua ni Bunge lao, Baraza la Wawakilishi lenye watu 435 na Seneti yenye 100. Kwetu Katiba ya Muungano inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likiikataa bajeti, kwa hiyo hatujazoea kuona wakubwa wanakataliana hadi ofisi zinafungwa. Kwao zinafungwa: siku 16 mwaka 2013, siku 35 kuanzia Desemba 2018, siku 43 mwaka 2025. Kwa hiyo mtu akisema "Rais Clinton wa Democrat alileta ziada", ni kweli, bajeti ilikuwa na ziada 1998 hadi 2001. Muulize tu Bunge lilikuwa mikononi mwa nani. Lilikuwa la Republican. Akisema Clinton alimaliza deni, mwache amalize kikombe kwanza, kisha umweleze kwamba nakisi ni pengo la mwaka mmoja na deni ni mapengo yote yaliyojikusanya, na deni halikumalizwa.

Sasa njia ninayoitegemea mimi mwenyewe watu wakiwa moto: ficha chama. Siku moja niliwaambia, "Serikali moja imetoa dola trilioni 2.2 kwa mpigo, imewatumia watu hundi majumbani, Seneti imepitisha kwa kura 96 bila ya mmoja kukataa. Vizuri au vibaya?" Nahodha akaruka: huo ni wizi wa kodi, hao ni Democrat. Maalim akasema ni huruma, serikali ifanye hivyo. Nikawaambia kasaini Trump, Machi 2020, wakati wa korona, na mwezi uliofuata wasio na kazi walifika karibu asilimia 15. Kimya. Kisha Nahodha akagundua kwamba yale yalikuwa maradhi, si uvivu, na Maalim akagundua kwamba fedha zile ziligawiwa ovyo. Mwaka uliofuata Biden, rais wa Democrat, alitoa trilioni 1.9 bila kura hata moja ya Republican, na bei zikapanda hadi mfumuko wa asilimia 9.1 Juni 2022. Ukiwatajia hilo kila mmoja anarudi kwenye kiti chake cha zamani kana kwamba hakuinuka.

Wakubwa wenyewe wako hivyo hivyo. Oktoba 2012 namba ya wasio na kazi iliposhuka hadi 7.8 karibu na uchaguzi, Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa General Electric, alidokeza kwamba watu wa Obama wameipika. Trump katika kampeni ya 2016 alikuwa akizibeza namba hizo hizo. Machi 2017 zilipotoka nzuri akiwa yeye ndiye rais, msemaji wake Sean Spicer alimnukuu akisema zamani huenda zilikuwa za uongo, sasa ni za kweli kabisa. Na tarehe 1 Agosti 2025 zilipotoka mbaya, akamfukuza mkuu wa BLS, Erika McEntarfer, siku hiyo hiyo.

Matrilioni yasikutishe, yagawe kwa vichwa. Bilioni 787 za 2009 kwa Wamarekani wa wakati ule ni kama dola 2,500 kwa kila mtu. Trilioni 2.2 za 2020 ni zaidi ya dola 6,600. Hapo mtu wa Wete anaweza kufikiri, si kushangaa tu.

Na kuwa tayari kwa yule atakayesema Marekani imefilisika kwa kutusaidia sisi. Misaada yote ya nje ilikuwa kama asilimia 1 ya matumizi ya serikali yao. Fedha nyingi zinakwenda kwenye pensheni za wazee, matibabu, jeshi, na riba ya deni, ambayo mwaka wa fedha wa 2024 iliyapita hata matumizi ya ulinzi. Lakini asilimia hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikinunua dawa ya kupulizia nyumba zetu ili mbu akitua ukutani afe. USAID, shirika lao la misaada, ilipofungwa 2025, kwa mara ya kwanza baraza langu halikucheka. Nahodha, mpinga kodi, akauliza: "Sasa malaria itarudi?" Siku hiyo sikuwa mwamuzi, nilikaa na wateja.

Mwisho ni wakati wa kuja. Namba za kazi kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa mbili na nusu asubuhi ya Washington. Kwetu ni saa tisa na nusu alasiri, na wao wakirudisha saa zao nyuma, tangu Novemba hadi Machi, ni saa kumi na nusu. Sali alasiri, kisha uje. Usiapie idadi ya ajira siku ya kwanza, kwa maana huipitia tena miezi miwili inayofuata: ile ripoti iliyomfukuzisha mama wa watu ilipunguza ajira 258,000 za Mei na Juni.

Na hapa pangu pana faini. Ukiona unashindwa Marekani ukamwingiza CCM au ACT, unalipia kahawa ya baraza zima. Kashata mbali.