Pasi ya mkaa kuukuu: kuisafisha, kuikinga na kuiweka sebuleni

Kosa linaloharibu pasi nyingi za mkaa ni kopo la rangi ya kupuliza. Rangi nyeusi au ya dhahabu inafuta alama zote za kazi iliyofanywa na pasi hiyo, na kutu iliyoachwa chini yake inaendelea kula chuma hadi rangi ivimbe na kubanduka. Pasi haihitaji rangi. Iondolee kutu, iachie weusi wake wa zamani, kisha ikinge na unyevu.

Kabla ya kununua, fungua kifuniko na kukifunga mara kadhaa, uone kama bawaba na kibanio cha mbele (kwenye nyingi kina umbo la jogoo) bado vinafanya kazi. Gonga ubavu kwa kijiko: chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa mlio mfu. Beba na sumaku pia. Isiponata, hiyo ni shaba ya njano (yenye mchanganyiko wa zinki) au alumini, na njia ya siki iliyoelezwa hapa haiifai. Shaba isugue kwa ndimu na chumvi au kwa ukwaju, isuuze upesi na uikaushe. Ukiiloweka kwenye siki kwa saa nyingi itageuka rangi ya waridi, kwa kuwa zinki iliyomo huyeyuka na kutoka.

Anza kazi ikiwa kavu. Kwangua majivu na masizi yote ndani, hasa kwenye pembe na chini ya wavu wa mkaa kama upo, kwa bisibisi bapa na brashi ya waya. Usiruke hatua hii: majivu ni ya asili ya magadi, kwa hiyo yakiingia kwenye siki huipunguzia ukali na kutu haitoki. Fanyia nje ukiwa na barakoa. Pasi ikiwa tayari imepakwa rangi ya zamani, usiisugue kwa msasa mkavu, maana rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ilainishe kwa dawa ya kuondolea rangi, kisha ikwangue ingali mbichi.

Toa mpini wa mti. Skrubu au pini iliyoshikwa na kutu idondoshee mafuta ya taa, uiache usiku kucha, ndipo uizungushe taratibu. Ukilazimisha, kichwa cha skrubu kitakatika na itakubidi uitoboe.

Sasa changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lita 3 kwa lita 3, kwenye ndoo ya plastiki. Pasi izame yote. Sehemu ikibaki juu ya maji, mstari wa pale yanapoishia utachimbika na hautatoka tena. Kila baada ya saa 2 itoe na uisugue kwa brashi. Kutu nyepesi huisha kwa saa 4 hivi. Nzito isizidi saa 12, kwani kutu ikiisha siki huanza kula chuma chenyewe na kukiacha na rangi ya kijivu iliyofifia. Ukiona rangi ya chungwa imekwisha na weusi laini umebaki, acha hapo. Weusi huo ndio uzuri wa pasi, na ni ngao yake pia.

Isuuze, kisha itumbukize kwa dakika 10 kwenye maji yenye kijiko kikubwa 1 cha magadi kwa kila lita, ili kuua asidi iliyojificha kwenye vinyweleo vya chuma. Ifute mara moja na uipashe moto juu ya jiko lenye mkaa mchache, polepole, mpaka iwe ya joto unaloweza kulivumilia kwa kitambaa. Chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kikipashwa ghafla, au kikimwagiwa maji ya baridi kikiwa cha moto, hupasuka. Ukiiacha ijikaushe yenyewe, kutu mpya itaonekana siku hiyohiyo.

Ingali na joto, ipake nta: sehemu 1 ya nta ya nyuki kwa sehemu 4 za mafuta ya kitani, zilizoyeyushwa pamoja kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka nyembamba sana, subiri robo saa, futa yote inayofutika. Ikibaki nene itanata na kukusanya vumbi. Mpini nao upake mchanganyiko huo baada ya kuusugua kwa msasa namba 240. Matambara yaliyotumika yaanike yakiwa yametandazwa nje, au yaloweke kwenye maji: yakikunjwa na kurundikwa, mafuta ya kitani hujipasha moto na yanaweza kuwaka yenyewe. Nyumba za pwani, zenye hewa ya chumvi, zirudie nta kila miezi 2 au 3.

Matumizi yake? Kuzuia vitabu au mlango ndiko kunakoifaa zaidi, kwa sababu uzito wake unafanya kazi. Gundisha chini kipande cha ngozi au blanketi zito. Mpira mweusi wa tairi huacha madoa sakafuni. Kwa mmea, usijaze udongo ndani moja kwa moja: matundu yako ubavuni, maji hutuama chini na kutu inarudi. Kata kitako cha chupa ya plastiki kinachoenea ndani, weka kokoto kidogo, kisha panda shubiri changa, ambayo haihitaji maji mengi. Kwa taa, weka ndani mnyororo wa taa ndogo za betri, mwanga utokee matunduni. Umeme wa ukutani usiupitishe humo, kwani waya ukichubuka kwenye ukingo wa tundu, pasi nzima itakuwa na umeme.

Ukitaka kuiweka pamoja na karai la bati, karai hilo lisiguse siki hata kidogo: siki huyeyusha zinki inayolikinga. Maji ya sabuni na brashi ya nyuzi vinatosha.

Na kama umeme hukatika mara kwa mara kwako na huenda ukairudisha pasi kazini, usiipake nta. Mafuta kidogo ya kupikia yanatosha, na kabla ya kupigia nguo uwashe mkaa ndani yake, uipitishe juu ya tambara kuukuu mpaka isiache alama.